Ngege Aliyebaki Nyuma ya Mafunjo

Dani, yaani nyanya yangu, alimgeuza samaki kwa kidole kimoja, akamkagua mkia, akamrudisha alivyokuwa. "Huyu si ngege," akasema, kisha akaanza kumega ugali.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Kisumu, kwenye vibanda vya samaki kando ya Ziwa Viktoria. Nilikuwa nimemleta kutoka kwetu Gem, huko Siaya, kuonana na daktari wa macho, nikaona haifai bibi wa watu arudi nyumbani na matone ya dawa tu. Tukaagiza ngege mzima wa kukaangwa, ugali, sukuma wiki, na kile kipande cha ndimu ambacho kila mtu hukisukuma pembeni mwa sahani. Mhudumu, kijana mchangamfu, alisikia akacheka. "Ni ngege, mathe. Ametoka ziwani leo asubuhi."

"Ametoka ziwani, sikatai," Dani akamjibu. "Lakini huyu ni nyamami. Ngege walikwisha."

Nilimwomba kijana radhi kwa macho. Nilidhani ni yale yale ya wazee: maji ya zamani yalikuwa matamu, mahindi ya zamani yalikuwa makubwa, hata njaa ya zamani ilikuwa na adabu. Nikalipa, tukaondoka. Lakini neno likikukaa halikutoki, na wiki mbili baadaye nilijikuta katika soko la Kibuye nimeinamia beseni la mama mmoja, nahesabu mistari kwenye mikia ya samaki wake, naye akiniuliza kama nanunua ama nasahihisha mtihani.

Mistari ipo. Samaki tunayemwita ngege hapa mjini ana mistari ya wima mkiani, imepangwa sawasawa kama ya kitambaa cha godoro. Huyo ni tilapia wa mto Nile, na watu wa umri wa Dani wana jina lake kabisa: nyamami. Ngege mwenyewe mkia wake hauna mistari hiyo. Jina lake la kitaalamu ni Oreochromis esculentus, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake "wa kuliwa". Aliyelitoa, mwaka 1928, bila shaka alikuwa ameonja kwanza.

Basi Dani, ambaye daktari alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, alimtambua nyamami kwa kumgusa mara moja. Mimi mwenye macho mazima nimemla miaka kumi na moja nikimwita jina la mwingine.

Nijitetee kidogo. Nimezaliwa na kulelewa Nakuru, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, na Kidholuo changu ni cha kuombea chumvi. Samaki wa utotoni mwangu alikuwa omena wa kupimwa kwa kopo. Kisumu nimekuja mtu mzima, kutafuta riziki. Nina duka la kutoa nakala na kupiga chapa karibu na chuo. Na ni kwa sababu ya duka hilo nilijua kwamba Dani alikosea jambo moja. Aliposema "walikwisha", hapo tu.

Msichana mmoja alileta kazi yake ya shahada nimpigie chapa nakala nne. Mimi nina tabia mbaya ya kusoma ninachopiga chapa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno ngege, ukurasa wa pili ulikuwa na ramani ya kinamasi cha Yala, na mashine ilipokwama kwenye ukurasa wa thelathini na kitu nikapata nafasi ya kumuuliza. "Si ngege wameisha?"

"Ziwani humu, ndiyo," akasema. "Kanyaboli, lile ziwa dogo la kinamasini, wapo."

Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila anayejua, na nikasoma kila nilichokipata. Habari yenyewe ni ndefu kuliko nilivyodhani, na haianzi na mbuta, yule sangara mkubwa, ingawa sote hupenda kumlaumu mbuta. Inaanza na reli, ile ile iliyomlisha baba yangu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mlaji wa mbali akapatikana, na ilipofika 1905 nyavu za kutega zilizofumwa viwandani Ulaya zikaanza kuingia katika ghuba yetu. Kabla ya hapo watu walivua kwa mitego ya kusuka, wakala, wakabadilishana na majirani wa milimani kwa nafaka. Nyavu zile mpya zilifanya kazi usiku mzima watu wakiwa wamelala. Mwaka 1927 Waingereza walimtuma mtaalamu wao, Michael Graham, alizunguke ziwa aone samaki wanakwenda wapi. Ndiye huyo huyo aliyempa ngege jina la Kilatini. Akasema ngege anapungua, na tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Sheria ikawekwa, baadaye ikalegezwa, na tundu likawa linapungua kadiri samaki walivyopungua.

Ndipo miaka ya 1950 wakaletwa wageni: nyamami na jamaa zake, kisha mbuta. Nyamami alimbana ngege kwenye mazalia na malisho, tena wakikutana huzaana, kwa hiyo hata palipobaki ngege damu ikachanganyika. Mbuta yeye alitulia miaka mingi kama mgeni mpole, halafu miaka ya 1980 akafurika. Wale samaki wadogo tunaowaita fulu, waliokuwa wa aina mamia kwa mamia, kila mmoja na ufundi wake wa kula, aliwafagia. Siwezi kumtukana mbuta moja kwa moja. Amejenga nyumba za mabati na kulipa karo kuanzia Usenge hadi Mbita. Ila minofu yake ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mgongo wazi, ile mifupa inayotoka viwandani na kukaangwa mtaani Obunga. Jina ngege nalo likabaki sokoni halina mwenyewe, nyamami akalivaa. Siku hizi hata samaki wa barafu anayeletwa kutoka China utasikia akiitwa ngege.

Nilimpigia Dani simu nikamweleza kuhusu Kanyaboli. Alinyamaza kidogo. "Basi mlete," akasema. "Nimwonyeshe huyu."

"Huyu" ni jirani yake, mjane mwenzake, ambaye wamebishana kuhusu ngege tangu nilipokuwa shule ya msingi. Jirani hushikilia kwamba ngege hajaenda popote, ati yeye humnunua kila siku ya soko, na kwamba Dani ameanza kusahau. Hilo la kusahau ndilo linalomuuma.

Kampuni moja ya utalii hapa mjini niliiuliza gharama ya kupelekwa Kanyaboli. Yule bwana alinitazama kama niliyeuliza njia ya kwenda jalalani. "Kule hakuna kitu, madam. Ni majani tu." Akanionyesha picha za simba wa Maasai Mara na bei ya siku tatu, bei ambayo ingenunua mashine nyingine ya nakala. Nikamshukuru, nikaamua kwenda kwa matatu.

Tuliondoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Agosti. Kisian, Maseno pale kwenye alama ya ikweta ambapo abiria hakuna anayeinua kichwa, Luanda, na kuendelea. Siaya nilishuka nikanywa chai na mandazi mawili, nikamtafuta kijana wa bodaboda. Nilipomwambia naenda ziwani Kanyaboli aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Anti, umekuja kuona shamba?"

"Nimekuja kuona samaki."

Hakuniamini. Njia nzima alinionyesha mipaka: hapa ni pa fulani, pale palikuwa maji zamani, kule panakodishwa. Nilielewa baadaye. Wanaotoka mjini na viatu safi huja huko kwa ajili ya ardhi.

Nieleze nilichokuwa natarajia, maana ndicho kilichonifanya nionekane mjinga. Mtoto wa Nakuru anajua hifadhi ni nini. Ni lango, ni askari mwenye sare, ni tiketi, ni uzio wa umeme kuzunguka pande zote. Shule yetu ilitupeleka mara mbili Ziwa Nakuru tukawaona heroe wamejaa ufukweni hadi maji yamegeuka waridi. (Heroe wenyewe wengi walihama ziwa lilipofurika miaka ya karibuni, uzio wao wakauacha hapo.) Kwa hiyo nilijua Kanyaboli ni hifadhi ya taifa tangu 2010, na kichwani nilikuwa tayari na lango.

Pikipiki ilisimama penye ng'ombe watano wanakunywa maji, mwanamke anafua, na mitumbwi mitatu imelazwa kwenye matope. "Ndiyo hii," kijana akasema.

"Hifadhi iko wapi?"

Akanyoosha mkono akazungusha, akijumuisha ng'ombe, yule mwanamke, na ukuta wa kijani uliokuwa nyuma ya maji. Lango langu nikalisahau.

Mzee wa mtumbwi nilikuwa nimeunganishwa naye na yule msichana wa shahada. Ni mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, mabega kama ya kijana. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Gem, nikawa "nyar Gem" siku nzima, binti wa Gem, nami sikumwambia kwamba Gem naijua kwa Krismasi na matanga tu. Alinipa kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa juu. Nilidhani ni la kuketia. Dakika tano baada ya kutoka ufukweni niligundua ni la kutolea maji, na kwamba kazi hiyo ni ya abiria.

Ziwa lenyewe ni dogo, kilomita za mraba kama 10, na kina chake hakifiki mita tano. Usilione kwa macho ya mtu aliyezoea Nam Lolwe, lile ziwa kubwa la Viktoria, lisilo na ng'ambo. Hapa ng'ambo unaiona kote, nayo kote ni mafunjo. Mafunjo, au togo kama wanavyoyaita wenyewe, huota mpaka mita nne na zaidi, shina la pembetatu lisilo na jani, juu kichwa cha nyuzi kama ufagio uliopasuka. Upepo ukipita vichwa vyote huinama pamoja, na mlio wake ni kama watu wengi wanaonong'ona kwenye chumba cha pili. Kinamasi chote cha Yala, ambacho Kanyaboli ni jicho lake moja, kina kilomita za mraba zipatazo 175, na hakuna kingine cha maji baridi Kenya kinachokifikia.

Mzee aliuelekeza mtumbwi kwenye mwanya ambao mimi singeuona hata kwa kuonyeshwa, na tukawa ndani. Jua likapungua. Harufu ilibadilika ikawa ya kitu kinachooza polepole, si mbaya sana, kama jungu la maharagwe lililolala. Viputo vilipanda kutoka chini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilichovya mkono nikautoa haraka.

Maji yale yale niliyoyaonea kinyaa ndiyo niliyoyafuata, ila sikujua bado. Chini ya mafunjo majani huoza mwaka mzima, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini. Mbuta ni samaki wa pumzi kubwa. Maji yasiyo na hewa humshinda. Ngege na fulu wengi huyavumilia. Kamongo yeye hana shida kabisa, ana mapafu, huja juu akavuta pumzi kama mtu, kisha akazama. Tulimsikia mmoja, mlio kama wa mtu anayefyonza uji. Kwa hiyo mbuta alipolifagia ziwa kubwa, kinamasi hiki kilikuwa mlango ambao hakuweza kuuingia, na nyuma ya mlango huo waliobaki wakabaki. Mmoja wa fulu walioonekana hapa baada ya kukosekana kule ziwa kubwa anaitwa Xystichromis phytophagus, jina refu kuliko samaki mwenyewe.

Miaka yote nimesikia kinamasi kikitajwa kama mahali pa kurekebishwa: pana mbu, pana harufu, pana chatu, hapapitiki. Hayo yote ni kweli, mbu nilitoka nao hadi Siaya. Lakini hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kumhifadhi ngege. Kanyaboli ilikuja kutangazwa hifadhi yeye akiwa ameshajihifadhi miaka mingi, kwa uvundo na kwa kutopitika.

"Sikiliza," mzee akasema, akaacha pondo.

Sauti ilitoka kushoto, kama filimbi yenye maji ndani, na kabla haijaisha nyingine ikaijibu kulia. Nilidhani ni ndege mmoja aliyeruka. Ni wawili, akaniambia, mume na mke, huyu akianza yule humalizia. Ni yule gonoleki wa mafunjo, ambaye ukikata mafunjo hahamii kwingine kwa sababu maisha yake yote yamo humo. Tulisubiri, mimi na kopo langu, kama robo saa. Kisha mmoja akapanda kwenye shina moja kwa dakika isiyotimia: mgongo mweusi, kifua chekundu cha nyanya iliyoiva, utosi wa manjano. Wazungu huvuka bahari kuja kumtazama ndege huyu. Bwana wa majani tu, laiti angekuwepo.

Ndege wengine walikuwa wengi na wasio na haya. Midiria waliosimama hewani wakipigapiga mbawa kabla ya kudondoka kama jiwe, minandi waliokausha mabawa kwenye vigingi vya nyavu, kwazi mmoja aliyelia juu ya mti mkavu kama mwenye nyumba. Nzohe, yule paa wa kinamasini, sikumwona, na sitajifanya nilimwona. Nilionyeshwa alama za kwato zake kwenye tope, ndefu na zilizopanuka, zimechongwa kwa ajili ya kukanyaga mahali ambapo paa mwingine angezama hadi tumboni. Mzee alisema ukimfukuza huingia majini akajizamisha, akaacha pua tu juu, na unaweza kupita na mtumbwi karibu yake usijue. Tangu aliposema hivyo kila kipande cha kuni kilichoelea kilikuwa pua ya nzohe.

Viboko niliokuwa nawaogopa hawakutokea. Nilimuuliza kama wapo. "Wapo," akasema, "ndiyo maana tunapita huku," na sikuuliza tena.

Wavu wake ulikuwa upande wa pili, penye maji wazi. Aliuvuta polepole, na mimi nikaacha kutoa maji, nikawa natazama tu, miguu imeloa hadi kwenye vifundo. Fulu watatu, wadogo, mmoja ana rangi ya shaba. Mumi mmoja, yaani kambare, mwenye ndevu. Halafu ngege.

Hakuwa mkubwa. Kama kiganja changu na vidole, basi. Kijivu chenye kijani, kichwa kidogo, mdomo wa kuchokoza. Mzee alimshika akanitolea mkia, akautandaza kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayefungua kipepeo cha mkono. Hakukuwa na mistari. Nilipiga picha kumi na nne za mkia huo, nimezihesabu baadaye. Katika simu yangu kuna picha nyingi za mkia wa samaki kuliko za harusi ya mdogo wangu.

Ngege wa nne kutolewa alikuwa jike. Alipomtikisa kumtoa kwenye uzi, mdomo ulifunguka na vitu vidogo vikamwagika kwenye maji ya mtumbwini, vyenye macho, vinachezacheza. Vifaranga. Ngege jike hulea mdomoni. Huyaweka mayai humo mpaka yaanguliwe, na hata baadaye hatari ikija watoto hurudi ndani. Mzee hakusema kitu. Alichukua kopo langu, akateka yale maji na vile vifaranga, akavirudisha ziwani, akamfuatisha mama yao.

"Watampata?" nikauliza.

"Wengine," akasema.

Nikamuuliza kuhusu tundu la wavu wake, maana nilikuwa nimekuja na inchi 5 za Bwana Graham kichwani. Alicheka. Ngege wa hapa hawakui sana, kwa wavu wa inchi 5 utarudi na maji. Akanionyesha tundu lake kwa vidole viwili, kisha akanionyesha, kwa vidole hivyo hivyo vikiwa vimekaribiana zaidi, tundu la watu wengine ambao alisema hatawataja.

Tulikula mihogo ya kuchemsha tukiwa tumefunga mtumbwi kivulini. Ndipo alipozungumza kuhusu ardhi, bila kuulizwa. Baba yake aliwahi kumwonyesha mahali ambapo zamani palikuwa mafunjo na sasa ni mahindi. Kazi ya kukausha kinamasi ilianza miaka ya 1960, zikatolewa hekta kama 2,300. Katika karne hii akaja mwekezaji kutoka Marekani kulima mpunga, ikawa miaka ya ajira kwa wengine na ya malalamiko kwa wengine, kisha akaondoka. Maji nayo huwa na maoni yake: mwaka 2020 ziwa kubwa lilipanda, mto Yala ukavunja kingo, na watu wa chini huku wakahama na vitanda vichwani.

Nilitarajia aseme mafunjo yasiguswe. Mtu wa mjini hutarajia hivyo, mtu wa mtumbwi awe mlinzi wa mazingira, umpige picha. "Mimi nataka mahindi na nataka samaki," akasema. "Wewe hutaki?" Binti yake hukata mafunjo na kusuka mikeka. Mafunjo yakikatwa kwa zamu huota tena, hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kuchomwa, na jembe linalofuata moto, kwa sababu hapo hayarudi. Pia anataka barabara. Mwaka jana mjukuu wake aliugua usiku na pikipiki ikakwama mara tatu.

Barabara hiyo mimi siitaki, nikajikamata nikiwaza hivyo, nikaona aibu. Nitakuwa Kisumu kwenye lami. Na hata kuandika haya nimesita wiki tatu, maana msomaji mmoja akija kumwona gonoleki ni heri, lakini wa mia moja atataka choo, soda baridi na mahali pa kugeuzia gari. Lakini pia mahali ambapo watu wanaamini ni majani tu, hakuna atakayeuliza siku yanapochomwa. Nimeandika. Sijamaliza kubishana na nafsi yangu.

Nilinunua ngege sita. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo mpaka nikaongeza bila kuambiwa, naye akanitupia na mumi juu. Tukawafunga kwa majani mabichi ndani ya mfuko wa plastiki wa unga, na nikaanza safari ya kwenda Gem nikinuka kama gati. Kwenye matatu jirani yangu wa kiti alifungua dirisha, kisha akafungua zaidi.

Nilifika kwa Dani magharibi ikiwa imeingia. Sikumwambia kitu. Niliweka mfuko mezani, nikaleta taa, yeye akasema taa ya nini. Akawatoa mmoja mmoja. Alianza na mkia, kama nilivyojua angeanza, akaupitisha kati ya vidole taratibu, kutoka shina hadi ncha. Kisha akamnusa. Kisha akamweka chini na kumchukua wa pili, akafanya vile vile, hadi wa sita. Mumi alimsukuma kando.

"Wamekuwa wadogo," akasema.

"Ndio hao, Dani?"

"Nani kakwambia sio? Nasema wamekuwa wadogo."

Alikataa wakaangwe. Mafuta ni ya nyamami, alisema, ngege ana mafuta yake. Akawachemsha mwenyewe kwenye chungu, maji, chumvi, nyanya moja, akinifukuza kila nilipokaribia jiko. Tulikula kwa mikono katika bakuli moja. Watanitaka niseme utamu wake ulikuwaje. Alikuwa samaki mtamu, nyama laini, yenye utamu fulani wa mwisho ambao nyamami hana, au nilitaka awe nao. Nilikuwa nimeamka saa kumi usiku na nisingekataa hata kiatu. Dani alikula bila kusema neno. Alifyonza kichwa, akapanga mifupa ukingoni mwa sahani kwa utaratibu, mikubwa huku, midogo kule. Alipomaliza wa pili alisema chumvi niliyomnunulia safari hii si kali.

Nilianza kukusanya vyombo, akanizuia mkono. Samaki watatu walikuwa bado wabichi, tuliwabakiza kwa asubuhi. Alichukua kisu, akakata mkia wa mmoja wao, akaufuta kwa kanga, akaufunga ndani ya kitambaa chake cha kanisani. Akasimama, akapapasa ukutani akatafuta fimbo yake.

"Dani, ni usiku. Yule mama atakuwa amelala."

"Ataamka," akasema. "Washa tochi ya simu yako, nyakwara, unimulikie. Mimi macho yangu hayaoni."